Tonto ya siku mbili, Fort Portal

Nimekulia Dodoma, kwenye mizabibu. Kwetu ukitaja mvinyo, mtu anawaza Makutupora, Hombolo na mavuno mara mbili kwa mwaka. Kwa hiyo mume wangu aliposema likizo hii tukodi baiskeli Uganda tukaonje tonto, pombe ya ndizi, shambani kwenyewe, nilikubali, ila moyoni nikajiuliza: ndizi itatoa mvinyo gani?

Tuliondoka Fort Portal saa mbili asubuhi. Mji uko juu, zaidi ya mita 1,500, na baridi ilitukata masikio. Tukapita mashamba ya chai, halafu vumbi jekundu, kupanda na kushuka kuelekea Kasenda, kwenye yale maziwa yaliyojaa ndani ya vinywa vya volkano za kale. Kilima kimoja kilinishinda, nikashuka nikasukuma.

Mwenyeji wetu ni mzee aliyejifunza Kiswahili jeshini. Kabla hajatuonyesha hata mgomba mmoja alitaka tupate empaako, jina la upendo na heshima ambalo Watooro, wenyeji wa huku, huitana wanaposalimiana. "Mimi ni Araali," akasema. "Wewe mwanangu, utakuwa Abwooli." Hadi tunaondoka hakuniita jina jingine, na nililipenda.

Kwangu migomba yote ilikuwa sawa. Mzee akaonyesha: hii ya matooke, ndizi za kupika, hii ya pombe. Akakata kidole kibichi cha ile ya pombe, akaniambia nionje. Ulimi ulikauka palepale. Ukakasi! Ukakasi uleule tunaoujua kwenye ganda la zabibu nyekundu. Hapo shaka yangu ikaanza kuyeyuka.

Ndizi hizo huvundikwa shimoni, zikafunikwa majani na udongo, siku tano hivi mpaka ziive. Kisha humenywa na kumwagwa kwenye mtumbwi wa mti, zikachanganywa na nyasi ndefu, zikakanyagwa. Mume wangu alinawa miguu akaingia. Nilimuuliza mzee nyasi ni za nini. Zabibu ukiiminya inatoa maji yenyewe, lakini ndizi ukiiponda inakuwa uji. Nyasi ndizo zinazoshika ule uji, juisi ikachuruzika peke yake. Nimeona mashine nyingi za kukamulia kwetu, na bado nilisimama pale nikishangaa majani yanavyofanya kazi hiyo.

Juisi huongezwa maji kiasi na unga wa mtama uliokaangwa, ikafunikwa majani ya mgomba, ikaachwa ichachuke.

Tulionja kata tatu. Ya leo, kabla ya mtama: tamu tupu, nzito, ya kumpa mtoto. Ya jana: utamu umepungua, inawasha kidogo ncha ya ulimi, ina harufu ya mkate. Ya juzi ndiyo iliyonishika: kavu, chachu, ina moshi wa mtama kwa mbali, na mwishoni ule ukakasi wa asubuhi unarudi. Niliomba kata ya pili. Mzee alikuwa na waragi pia, pombe kali aliyoitonesha kutokana na tonto hiyohiyo, lakini tulinusa tu. Miteremko ilikuwa inatusubiri.

Kinachoniuma ni kwamba hotelini tulipolala, orodha ya vinywaji ilikuwa na mvinyo wa Afrika Kusini na wa Chile, tonto hakuna. Nilipouliza, kijana akasema hiyo ni pombe ya kijijini. Ni kweli ni ya kijijini. Mvinyo wa Dodoma nao ni wa kijijini. Mama zetu ndio wanaopogoa ile mizabibu.

Mzee alitujazia chupa ya maji tonto ya juzi, akatuonya tusikaze kifuniko. Nilitamani baba aionje, lakini kesho yake ingekuwa siki. Njia nzima ilipumua ndani ya begi, tsss, tsss, kila gurudumu lilipogonga jiwe. Tuliinywa jioni ileile barazani, tukitazama mawingu juu ya milima ya Rwenzori.