Kwa nini nilikubali kukatwa tumbo lisiloumwa

Daktari aliponitajia kwa mara ya kwanza upasuaji wa kupunguza uzito, nilimuuliza swali moja tu: kwa nini nikatwe tumbo ambalo haliumwi? Wakati huo nilikuwa na kilo 118 kwa urefu wa sentimita 162, nilikuwa nikitumia dawa za kisukari na za presha, na kupanda kilima kutoka mwalo wa Kibirizi, hapa Kigoma, hadi barabarani kulinilazimu kusimama njiani mara kadhaa ili nivute pumzi.

Hakunijibu kwa maneno mengi. Aligeuza karatasi ya vipimo, akachora nyuma yake mfuko wa chakula uliopinda kama korosho, kisha akapitisha kalamu kutoka juu hadi chini na kuutia wino upande ule mpana. “Mwalimu,” akasema, “hapa juu ndipo inapotoka kwa wingi homoni inayouambia ubongo kwamba una njaa. Tukiondoa sehemu hii, hatupunguzi nafasi ya chakula peke yake, tunapunguza na njaa yenyewe.”

Homoni hiyo huitwa ghrelini, na maelezo yake ndiyo yaliyonifungua macho. Mtu mwenye unene uliopitiliza anapojinyima chakula, ghrelini huongezeka na mwili huanza kutumia nishati kidogo kuliko kawaida, kwa hiyo anabaki na njaa kali huku mwili ukipambana kurudi kwenye uzito wa zamani. Nilikuwa nimeyapitia hayo yote bila kujua sababu yake. Nilipunguza ugali wa muhogo, niliacha mawese, nilitembea kila alfajiri, kilo zikashuka, na kabla mwaka haujaisha zikarudi na nyingine juu yake. Majirani waliuita ulafi. Mimi nasema kwa uhakika kwamba ni maradhi, na mgonjwa hastahili kusimangwa kwa maradhi yake.

Nilitaka pia kujua kama kweli nilistahili tiba kubwa kiasi hicho. Uzito wangu kwa kilo ukigawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe ulitoa takriban 45, wakati unene uliopitiliza huanza kuhesabiwa kwenye 30. Tangu mwaka 1991 mwongozo wa wataalamu wa Marekani ulikuwa unamruhusu mgonjwa mwenye 40 na kuendelea, au 35 akiwa na maradhi yanayoletwa na unene, na mwaka 2022 vyama vya madaktari wa upasuaji huo vilishusha kiwango hadi 35 hata kama hakuna maradhi mengine.

Zipo njia kadhaa, ila mbili ndizo zinazofanyika sana. Ya kwanza huondoa takriban asilimia 75 hadi 80 ya mfuko wa chakula na kubakiza bomba jembamba, na kilichoondolewa hakirudishwi. Ya pili hutengeneza kifuko kidogo kwenye sehemu ya juu ya mfuko wa chakula na kukiunganisha na utumbo mwembamba, ili chakula kiikwepe sehemu kubwa ya mfuko huo na mwanzo wa utumbo; kwa baadhi ya wagonjwa wa kisukari sukari hushuka hata kabla uzito haujapungua sana. Puto linalowekwa tumboni, ambalo wengi hapa Kigoma wamelisikia kupitia huduma ya Hospitali ya Muhimbili Mloganzila, si upasuaji: huingizwa kupitia mdomoni na huondolewa baada ya miezi kadhaa.

Mama yangu ndiye aliyekuwa mgumu kukubali. “Mwanangu, nusu kaputi si usingizi wa kuuchezea,” aliniambia, na sikumpinga, kwa sababu hatari zipo: damu kuvuja, mshono wa tumbo kufumuka, damu kuganda miguuni na kupanda mapafuni. Nilimweleza kwamba vifo ni chini ya mtu 1 katika kila 100 penye madaktari wazoefu, na kwamba utafiti mkubwa wa Sweden ulioanza mwaka 1987 ulionyesha kuwa waliopasuliwa walifariki wachache kuliko wenzao waliotibiwa bila kisu. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akaniuliza nani atanipikia uji nikirudi.

Nilifanyiwa ile njia ya kwanza Dar es Salaam, kwa matundu madogo. Kazi ilikuja baadaye. Nilianza na vinywaji, nikafuata vyakula laini, na sasa nusu ya mgebuka pamoja na tonge chache hunitosha kabisa. Samaki hutangulia ili mwili upate protini kabla nafasi haijajaa, na maji huyanywa mbali na mlo. Vidonge vya vitamini na madini ni vya maisha yote, hasa B12, madini ya chuma, kalsiamu na vitamini D. Dawa za maumivu kama diklofenaki, ambazo madukani kwetu hununuliwa kama pipi, situmii bila kumuuliza daktari, kwani huweza kuleta vidonda vya tumbo. Kwa mtu wa mkoani naona swali la lazima kabla ya kusafiri ni hili: nikirudi, nani atanipima damu na kuyasoma majibu? Mimi nililipatia jibu kabla ya kukata tiketi ya treni.

Leo nina kilo 86. Dawa ya presha imebaki nusu ya dozi ya awali, na ya kisukari daktari ameisimamisha, ingawa sukari ninaendelea kuipima kwa sababu ugonjwa huo unaweza kurudi. Kipimo cha mwisho kilionyesha madini ya chuma yamepungua kidogo, nikaongezewa vidonge, na nitarudia kupima baada ya miezi mitatu.