Nilivyopata mafundi wa kufufua Fiat 682 N3 hapa Iringa

Wakuu, watu wananiulizaga sana lile lori la Fiat la marehemu mjomba nimelifufuaje wakati fundi wa Fiat za zamani siku hizi hakuna. Kweli hakuna. Fundi mmoja anayelijua lile gari lote kuanzia mbele mpaka nyuma hayupo, na ukimsubiri huyo utazeeka na gari liko juu ya mawe. Ila wa pampu yupo, wa breki yupo, wa kuchonga vyuma yupo, sasa kazi ya mwenye gari ni kugawa tatizo vipande vipande na kila kipande kukipeleka kwa mtu wake.

Kwa vijana wasiolijua, 682 ni lori la Fiat lililoanza 1952, hii N3 ni ya miaka ya 60, injini silinda 6 lita 11 na ushee, kabini haibinuki, injini imekaa humo humo katikati ya dereva na utingo kwa hiyo joto lake mnagawana. Hii barabara ya Dar kwenda Zambia inayopita hapa Iringa, zilikuwa zimejaa. Ian Smith wa Rhodesia alipojitangazia uhuru Novemba 1965, Zambia ikabaki haina njia ya kuaminika ya kusini ya kupitisha mafuta na shaba yake, mwaka 1966 ikaundwa Zambia Tanzania Road Services na Fiat ndo zikawa zinapandisha mafuta na kushusha shaba Dar. Reli ya TAZARA haijajengwa, sehemu kubwa lami hamna, ni vumbi kiangazi na tope masika, Wazungu wakaiita Hell Run, yani safari ya jehanamu. Mjomba alianza kama utingo kwenye hizo hizo, baadae sana ndo akanunua hili la kwake lililochoka.

Sasa hiyo historia ndo iliyonisaidia, maana kama magari yalipita hapa basi na waliokuwa wanayatengeneza watakuwa wapo. Nikaanza kushinda Ipogolo pale malori yanapolala, naulizia madereva wazee, huyu ananitupa kwa yule, yule kafariki lakini shemeji yake anamjua mwingine, mpaka nikapewa namba ya mzee mmoja aliyekuwa fundi wa hizo Fiat enzi hizo. Kwa simu hakuna kitu. Shikamoo mzee, marahaba mwanangu, halafu kila ninachouliza anasema aah hiyo nimesahau, miaka mingi bana. Nikaona isiwe tabu, nikamfuata kwake na bajaji nikamleta mpaka kwenye gari.

Nakwambia alipoingia tu kwenye kabini na kufungua ule mfuniko wa injini mikono ikaanza kwenda yenyewe. Pampu ya dizeli nilikuwa nishaipeleka kwa fundi pampu ikapimwa kwenye mashine, na huyo wala hakujali ni ya Fiat au ya trekta, yeye alitaka kusoma kile kibati cha namba kilichopigwa riveti ubavuni tu (hicho kibati jamani msikipige rangi wala kukisugua na msasa, ndo kitambulisho chenyewe). Shida yangu ilikuwa kuirudisha kwenye injini na taiming yake, yani irushe dizeli wakati ule ule injini inapoihitaji. Mzee akaomba kipande cha bomba jembamba, akakikunja kama shingo ya bata, akafungua ile delivari valvu ya silinda namba moja, pale dizeli inapotokea kwenye pampu, akatoa valvu na springi yake akafunga bomba lake pale, kidumu kidogo cha dizeli tumekining'iniza juu. Dizeli ikawa inatiririka. Akaniambia zungusha injini taratibu, kwa upande inaozungukia, usirudi nyuma hata kidogo. Mimi nazungusha na chuma yeye kainamisha uso kwenye lile bomba, mtiririko ukawa mwembamba, ukawa matone, tone... tone... akasema simama hapo hapo. Akamulika tochi kwenye kidirisha cha flaiwili, lile gurudumu zito la injini, alama ilikuwa imepita kidogo tu. Akalegeza kiungo cha pampu, akakisogeza, tukarudia mpaka tone la mwisho likakutana na alama. Mtu aliyesema kasahau!

Beringi na oili sili ndo watu wanateseka bure. Ukiingia dukani ukasema nataka beringi ya hab ya Fiat 682 watakucheka, lakini beringi ina namba imegongwa kwenye ringi yake, isafishe na mafuta ya taa uisome, mwenye duka hana haja ya kujua imetoka kwenye lori gani. Oili sili hivyo hivyo, chukua kipimo cha ndani, cha nje na unene wake, Gerezani pale Dar kwenye maduka ya spea ukitaja hizo namba tatu utapewa, tena ya gari la Kijapani na itakaa vizuri tu. Bushi za springi nilichongesha. Breki sikutaka ubahili kabisa maana kuna mteremko wa Kitonga, nilipeleka viatu vya breki pamoja na dramu zake kwa fundi wa kuriveti laini (yale mabamba yanayosugua dramu), kwa sababu dramu ikishachongwa inapanuka na laini ya unene wa kawaida haifiki sawasawa.

Vilivyonishinda ni vya stelingi na makaratasi, yani kitabu cha vipuri vyake. Hapo msaada ulitoka kanisani, msinishangae. Mapadre wa Consolata wako Tosamaganga tangu 1919 na shirika lao chimbuko lake ni Torino, Italia, huko huko kwenye kiwanda cha Fiat. Padre mmoja mzee nilipomuonyesha picha alicheka, akaniunganisha na jamaa wa kwao wanaotunza malori ya zamani. Kiitaliano sijui hata salamu ila niligundua maneno mengi hayasaidii, unapiga picha kifaa na rula pembeni, unatuma, wao wanakurudishia ukurasa wa katalogi na namba ya kifaa imezungushiwa duara. Nilikuwa naogopa stelingi yetu ni ya kulia na yao iko kushoto, kumbe malori makubwa ya Italia enzi zile yalikuwa na stelingi kulia hata kwao, eti dereva aone ukingo wa barabara milimani. Kwa hiyo tairodi (fimbo za stelingi) zilizokuja zimeingia kama zilivyo.

Giaboksi inalia ikiwa gia namba tatu, nikamwambia mzee tuishushe, akasema hizo zilikuwa zinalia toka mpya, mimina oili nzito ukae kimya. Nimekaa kimya. Kilichobaki ni raba ya kioo cha mbele, mvua ikipiga maji yanaingia mpaka miguuni, nimekata kipande cha ile ya zamani nikapiga picha kwa ubavu umbo lake lionekane, hapa mjini zilizopo zote ni nyembamba, nasubiri jibu la wale jamaa wa Torino.