Kwa Miguu Hadi Mikoko ya Pete, Kupitia Njia ya Kima Punju

Wageni wengi wanaokwenda Jozani, msitu wa hifadhi hapa Unguja, hufika kwa gari hadi getini, hutembezwa msituni, kisha hupanda tena gari kwenda kuiona mikoko ya Pete. Mimi na mpwa wangu Jumamosi iliyopita tuliamua kuteremka kwenye gari la Makunduchi kabla ya kufika getini na kuifuata barabara kwa miguu, kwa sababu kipande hicho cha lami, ambacho wengi hukipita wakiwa wamesinzia, ndicho ambacho kima punju, yaani mbega wekundu wa Zanzibar, hukivuka kila siku kutoka msituni kwenda mashambani na kurudi.

Hatukusubiri muda mrefu. Juu ya mti wa mkungu ulioinamia barabara alikuwa amekaa dume mkubwa, mgongo wake mwekundu kama kutu, na nywele nyeupe zimemsimama kichwani pande zote. Alichuma jani changa kwa mkono usio na kidole gumba, maana mbega wa jamii yake wote wana vidole vinne tu vya kushikia, akalitafuna polepole huku akituangalia. Kisha aliteremka, akasimama ukingoni mwa lami, akavuka kwa miguu minne, mkia ukining'inia nyuma. Waliomfuata walikuwa majike, na mmoja wao alikuwa amebeba mtoto tumboni, kichwa cha mtoto kikiwa kimefichwa kabisa katika manyoya ya kifua. Wote walivuka isipokuwa kijana mmoja aliyebaki upande wa msitu, akawa anaruka kutoka tawi hadi tawi asithubutu kushuka. Wakati huo gari la abiria lilitokea kwa kasi upande wa Kitogani, likapunguza mwendo lilipofika kwenye tuta, na katika sekunde hizo chache kijana yule alikwisha kuvuka.

Nimeyaeleza haya kwa kirefu kwa sababu nimewahi kuona upande wake wa pili. Miaka kadhaa iliyopita, nikitokea Jambiani na jamaa, tulimkuta jike amelala kando ya barabara, bado ana joto, na wenzake wako juu ya mti wakilia kwa sauti ambayo sijaisahau. Gari lililomgonga lilikuwa limekwenda zake. Kabla ya matuta kuwekwa, ilikadiriwa kuwa kima mmoja aliuawa kila wiki 2 au 3 katika kipande hiki. Baada ya kuwekwa, vifo vilipungua hadi takriban kimoja kila wiki 6. Ninawasikia madereva wakilalamika kwamba matuta yanaharibu springi, na ninawaelewa, kwani gari ndiyo riziki yao, lakini sijui ulinzi mwingine ulio rahisi kiasi hicho, usiolala na usiohitaji mshahara. Hesabu hiyo ya wiki 6, hata hivyo, bado ni kubwa kwa mnyama asiyepatikana popote duniani ila visiwani kwetu. Ningependa matuta yaongezwe, na zaidi ya hayo ningependa miti ya pande mbili iachwe ikutane juu ya lami. Kule Diani, Kenya, ambako mbega weusi nao walikuwa wakigongwa, zilitundikwa ngazi za kamba juu ya barabara na mbega huzipita. Sisi tungeweza kuanza kwa kutokata matawi.

Mpwa wangu aliuliza kwa nini wasibaki tu msituni. Mwenyeji aliyekuwa akitutembeza alimjibu kwamba mashambani kuna majani machanga ya mikungu na miembe, ambayo kima hawa huyapenda sana ingawa yana kemikali zinazowasumbua tumboni, na ndiyo maana huokota vipande vya mkaa kwenye matanuri ya zamani na kuvila, kwa kuwa mkaa huzinasa kemikali hizo. Wazee waliwaita punju, yaani wenye sumu, wakiamini kwamba mti wanaoula hukauka na mbwa anayewala hunyonyoka manyoya. Leo jina limebaki, na chuki imepungua, hasa tangu wanavijiji walipoanza kupata sehemu ya fedha za watalii. Jozani pamoja na Ghuba ya Chwaka ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2004, na hesabu iliyotangazwa mwaka 2017 iliwapata kima punju zaidi ya 5,800, idadi kubwa kuliko ilivyodhaniwa. Nilifurahi niliposikia, lakini wingi huo haumsaidii yule anayevuka mbele ya gari.

Kutoka barabarani tuliingia njia ya Pete, vumbi na mawe ya matumbawe chini ya miguu, hadi kwenye njia ya mbao iliyojengwa juu ya tope la mikoko. Tulikuwa tumepanga tufike maji yakijaa, na siku ile yalikuwa ya bamvua. Mwanzoni tope lilikuwa wazi, limejaa mashimo ya kaa na mizizi ya michu iliyochomoza kama vijiti vilivyopandwa kwa mkono. Halafu maji yakaanza kuingia kimyakimya, yakazunguka miguu iliyopinda ya mikoko, na samaki wadogo wakaja nayo hadi chini ya mbao tulizosimama. Mahali ninapopapenda kuliko pote ni pale njia inapokaribia mkono wa bahari, ambapo miti hufunguka na jicho linakwenda mbali juu ya maji, kuelekea Ghuba ya Menai. Unguja haina milima, hivyo mandhari yetu hayatazamwi kutoka juu. Hutazamwa hivi, mtu akiwa sawa na maji, huku bahari ikimfuata.

Tulikaa pale hadi maji yakatulia. Wakati wa kurudi, jua likiwa limeinama, tulipanda gari la mjini. Mpwa wangu alikaa mbele karibu na dereva, na tulipokaribia matuta nilimsikia akimwambia, kwa adabu, "Ami, taratibu hapa, asubuhi walikuwa wanavuka." Dereva alikanyaga breki, akamwonyesha kwa kidole juu ya mkungu, ambako mikia miwili ilikuwa imening'inia.