Holda za bolti, na wale walioniambia ni mapambo

Nilipoanza kazi ya kukwangua lami kwa mashine niliambiwa holda, yaani kishikio cha jino la kukatia, haina mjadala: inachomelewa kwenye ngoma, lile silinda linalozunguka na kukwangua barabara, mwisho. Nilipouliza kuhusu zile za kufungwa kwa bolti, wakubwa wangu walicheka. "Mapambo hayo. Utaziokota barabarani." Nikaamini, na usingizi niliopoteza kwa imani hiyo hakuna wa kunirudishia.

Ngoma yetu ina upana wa meta 2 na meno zaidi ya 150, yamezunguka kama uzi wa parafujo, mstari hadi mstari milimita 15. Jino kuisha si habari, unaligonga kwa nyuma linatoka (kichwa chake cha kabaidi usikiguse na nyundo ya chuma, kinapasuka na vipande vinatafuta macho). Habari ni holda. Usiku mmoja tulivamia mfuniko wa chemba uliozikwa chini ya lami, holda tatu zikaenda.

Nikajitolea kwa majivuno. Betri nikaitenganisha, mabaki nikayakata, nikasaga, nikachomelea holda mpya. Pembe je? Nilipima kwa jicho. Jicho la fundi! Alfajiri nikapiga picha kazi yangu. Kufika mchana, nyuma ya mashine kulikuwa na tuta jembamba limenyooka kama limepigwa rula, linatufuata kila tunakokwenda. Holda moja ilikaa upande. Jino linatakiwa kuzunguka lenyewe ndani ya holda ili lilike pande zote sawasawa. Langu liligoma, likalika upande mmoja kama penseli iliyochongwa na mtoto. Mzee mmoja akashauri niongeze chuma cha kuchomelea "kulisukuma". Niliongeza. Matuta yakawa mawili.

Ngoma iliyofuata ilikuja na holda za vipande viwili: kitako kimechomelewa karakana kwa kifaa cha kushikilia pembe, na juu yake kipande kinachofungwa kwa bolti. Kikivunjika, unafungua, unafunga kingine, na pembe inabaki ileile. Bei ni kubwa kuliko za kawaida, sikatai, lakini hesabuni na saa za mashine kulala.

Siku ya kwanza niliziaibisha. Nilibadilisha moja bila kusafisha kikalio, pale kipande cha juu kinapokalia kitako, nikakaza bolti kwa spana niliyoirefusha kwa bomba mpaka mishipa ikanitoka. Baada ya saa moja ikaanza kucheza. Wazee walicheka hadi wakakaa chini. Kumbe lami kavu iliyobaki chini ilisagika, pakabaki nafasi, na bolti niliyoinyanyasa ilikuwa imevutika. Sasa kikalio nakisugua kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae, bolti nakaza kwa spana yenye kipimo, kwa kiasi alichoandika mtengenezaji, tunakwangua kidogo, narudi kukaza tena. Sijaokota hata moja barabarani.

Adui aliyebaki ni tundu la kichwa cha bolti. Unga wa lami na maji ya kupoozea hujaa humo, vikikauka ni jiwe, na nimeshaparua kwa bisibisi huku nikitukana. Dawa yake grisi, kisha kizibo cha mpira. Kizibo kikipotea, grisi peke yake ina nafuu.

Lakini ninachojivunia zaidi ni kamba. Holda ikilika usoni pale washa ya jino (ile pete bapa ya chuma) inapokaa, jino linazama ndani ya holda, ncha haifiki chini kama za wenzake, na barabarani linabaki tuta. Kati ya meno 150 utajuaje ni lipi? Navuta kamba kukatiza barabara iliyokwanguliwa, ukingo hadi ukingo, natia alama ya chaki penye tuta, kisha naipeleka kamba kwenye ngoma, injini imezimwa na ufunguo uko mfukoni mwangu. Alama inaangukia kwa mhalifu au jirani yake.

Mara ya kwanza ilinielekeza kwenye holda nzima kabisa. Nikaibadilisha hivyohivyo, tuta likabaki. Nikabadilisha ya pembeni yake pia. Ndipo nikagundua kwamba wakati wa kupima nilikuwa nimeipa mashine mgongo, nikitazama barabara. Kushoto kwangu kulikuwa kulia kwa ngoma. Tangu siku hiyo kamba ina fundo kwenye ncha ya kushoto, na fundo hilo nimelipaka rangi nyekundu.