Mechi Ishirini na Saba za Wageni

Jumapili ya tarehe 3 Agosti 2025, siku moja tu baada ya Taifa Stars kuifunga Burkina Faso mabao 2-0 katika mechi ya ufunguzi wa CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wanaocheza ligi za nchini mwao, nilirudi Uwanja wa Benjamin Mkapa pamoja na mjomba wangu kuwatazama Mauritania na Madagascar. Jumamosi tulikuwa tumebanana kiasi kwamba Abdul Sopu alipofunga penalti, jirani yangu wa kushoto aliruka na pakiti yake ya karanga ikamwagikia mapajani mwangu, na hakuna aliyejali. Jumapili tulikaa tulipotaka. Mjomba alinyoosha miguu, akaweka kofia yake kwenye kiti cha kulia na chupa ya maji kwenye cha kushoto, kisha tukatulia tukisikiliza wachezaji wakiitana uwanjani, sauti ambazo kwa Mkapa huwa hazisikiki kabisa. Mechi ilimalizika bila bao. Tulipokuwa tukishuka ngazi, mzee alisimama katikati kupumzisha magoti, akageuka kuyatazama majukwaa, akaniuliza, "Mjomba, hivi hawa watu tumewaalika waje wamchezee nani?"

Sikuwa na jibu siku ile, na swali hilo limenirudia kila ninaposoma habari za maandalizi ya Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON) la mwaka 2027, ambalo Kenya, Uganda na Tanzania zilikabidhiwa jijini Cairo tarehe 27 Septemba 2023 baada ya kuomba kwa jina moja la Kiswahili, Pamoja. Ni mara ya kwanza kwa fainali hizo kuandaliwa na nchi tatu, na mara ya mwisho zilipofika katika ukanda wetu wa CECAFA, yaani soka la Afrika Mashariki na Kati, ilikuwa Ethiopia mwaka 1976. Wengi wetu hatukuwa tumezaliwa. Mazungumzo mengi ninayoyasikia, vijiweni na redioni, yanahusu saruji na nyasi: uwanja mpya wa Arusha umefikia wapi, ule wa Talanta pale Nairobi utachukua watu wangapi, Hoima iko umbali gani kutoka Kampala. Ni maswali ya haki, hasa kwa Wakenya, ambao walishapewa fainali za mwaka 1996 zikahamishiwa Afrika Kusini, na CHAN ya mwaka 2018 ikahamishiwa Morocco, kwa hiyo anayewaambia wasiwe na wasiwasi anawaomba wasahau mambo waliyoyaona kwa macho yao. Lakini CHAN iliyopita, ambayo nayo ilisogezwa kutoka Februari hadi Agosti 2025, hatimaye ilichezwa katika nchi zote tatu hadi fainali. Kwa hiyo viwanja tutakuwa navyo. Hofu yangu iko kwenye viti.

Tufanye hesabu ndogo. Fainali za AFCON zina timu 24 katika makundi sita ya timu nne nne, maana yake ni mechi 36 za makundi, na ukijumlisha za mtoano unapata 52. Wenyeji watatu, kila mmoja akiwa katika kundi lake, watacheza mechi tisa tu katika hatua ya makundi. Zinabaki 27 ambazo hazina Harambee Stars ya Kenya, hazina Cranes ya Uganda wala Taifa Stars yetu. Hata kama timu zetu zote tatu zitafika mbali kuliko zilivyowahi kufika, sehemu kubwa ya mashindano haya itakuwa ni watu wa mbali wakicheza na watu wa mbali mbele yetu, na wengi wa mashabiki wao hawatamudu nauli ya kuja.

Hapo ndipo tunapaswa kusemana ukweli. Sisi tunapenda timu kuliko tunavyoupenda mpira. Simba na Yanga zikikutana, watu hufika uwanjani asubuhi na mikate yao, na ule msemo wa kwamba kwa Mkapa hatoki mtu si majigambo matupu, maana nimewaona wageni wakiingia pale na kupoteana kwa kelele tu. Kenya nako, Harambee Stars walipocheza Uwanja wa Kasarani, Nairobi, wakati wa CHAN, watu waliingia kwa kusukuma mageti hadi CAF, shirikisho la soka la Afrika, ikatoza faini na kupunguza idadi ya tiketi. Shida yetu si uvivu wa kwenda uwanjani. Shida ni kwamba tunakwenda kumshangilia mtu wetu na kumzomea mtani, na asipokuwepo wetu wala mtani, tunaona hatuna kazi pale. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini walimkusudia mgeni anayekaribishwa sebuleni, si anayeachiwa ufunguo wa nyumba aingie mwenyewe.

Na hasara yake ni yetu. Wale Madagascar tuliowaacha wacheze na mwangwi waliendelea taratibu: walifungwa na Stars 2-1, Clement Mzize akifunga yote mawili, na wengi tukawafuta kwenye hesabu, kisha wakapenya kwenye kundi, wakaenda Kasarani kuwatoa Wakenya kwa penalti mbele ya uwanja uliokuwa umejiandaa kwa sherehe, wakarudi kwa Mkapa kuifunga Sudan katika muda wa nyongeza, na mwishoni wakawabana Morocco kwenye fainali hadi 2-2 kabla ya Oussama Lamlioui kumwona kipa ametoka langoni na kupiga shuti kutoka karibu na katikati ya uwanja. 3-2. Kila niliyezungumza naye wiki ile alikuwa akisifu ujasiri wa vijana wale wa kisiwani, na mjomba alikuwa akitikisa kichwa kila mara, "Sisi tuliwaona mapema," kama mtu aliyenunua kiwanja Kigamboni kabla bei haijapanda.

Ninaamini jambo hili lina dawa, na haihitaji saruji. Droo ikishafanyika, ratiba itajulikana, na hapo wenye dhamana ya tiketi wangeziuza mechi za wageni kwa bei ambayo baba mwenye watoto wanne haombi mkopo ili kuilipa. Fainali zikichezwa katikati ya mwaka, baadhi ya shule zitakuwa likizo, na mabasi ya shule yatakuwa yameegeshwa tu. Tungetazama pia nani ana watu wapi. Wakongomani hawahitaji kutafutiwa mashabiki Dar es Salaam. Wafanyabiashara wao wa Kariakoo wanatosha kuamsha mtaa mzima. Comoro wakifuzu na kupangwa Zanzibar, Uwanja wa Amaan hautawaona kama wageni, kwa kuwa nusu ya jukwaa litakuwa na shangazi au binamu upande wa pili wa maji. Nchi yao ikiwa vitani, Sudan waliipiga Nigeria 4-0 pale pale Amaan mwezi ule wa Agosti, na sijui kama kuna mtu aliyekuwepo siku ile ambaye tangu hapo hajawa na kipande cha moyo upande wa Khartoum. Kuhusu usafiri sitasema mengi: kutoka Arusha hadi Namanga ni kama kilomita 110, na mtu wa Arusha aliye na pasipoti mfukoni yuko karibu na uwanja wa Nairobi kuliko alivyo karibu na wa Dar es Salaam. Foleni ya mpakani ndiyo itakayoamua kama ukaribu huo una maana.

Mjomba ana sababu yake ya kuyapenda mambo haya, na ameieleza mara nyingi hadi watoto wa pale nyumbani wanaikariri. Mwaka 1979 alikuwa kijana, akisikiliza redio ya jirani siku Stars walipocheza na Zambia kule Ndola wakihitaji sare tu ili wafuzu. Zambia walikuwa wanaongoza, na dakika zilikuwa zinakwisha, Peter Tino akasawazisha. Anasema mtaani kwao watu walitoka nje bila viatu. Tanzania ilikwenda Lagos mwaka 1980, ikafungwa na wenyeji Nigeria 3-1, ikafungwa na Misri 2-1, ikatoka sare ya 1-1 na Ivory Coast, kisha ikakaa miaka 39 bila kurudi. Ninachokipenda katika simulizi lake ni kwamba halimalizikii kwenye matokeo. Yeye huuliza: wale vijana wetu walipocheza na Ivory Coast, wakiwa mbali na kwao, nani aliwapigia makofi Thuwein Waziri aliposawazisha? Lazima alikuwepo Mnigeria fulani, anasema, aliyelipa pesa yake kuwatazama watu asiowajua.

Wiki iliyopita nilipompitia kumsalimu, kabla hata sijamaliza shikamoo alinikabidhi noti zilizokunjwa mara nne. Ameniagiza tiketi mbili, yake na yangu, za mechi yoyote isiyo na Taifa Stars, na viti viwe chini, kwa sababu zile ngazi za mwaka ule magoti yake bado yanazikumbuka.