Mvua ya jana inaanza saa ngapi

Leo nimeshinda nalinganisha mvua ya setilaiti na mvua ya vituo vya ardhini, na kilichonila muda ni kitu ambacho mtu wa nje hawezi kudhani ni tatizo, yaani siku inaanza saa ngapi. Mpimaji wa hali ya hewa huku kwetu anasoma kipimamvua saa tatu asubuhi, ambayo kwa UTC, ile saa ya kimataifa iliyo nyuma yetu kwa saa tatu, ni saa 06, na anachoandika ni maji yote yaliyoingia tangu saa tatu ya jana yake. Sasa IMERG ya NASA, ile inayotoa makadirio ya mvua kila nusu saa, faili lake la siku linahesabu kuanzia 00 UTC, na hiyo kwetu ni saa tisa usiku. Kwa hiyo mvua ileile moja setilaiti inaiweka tarehe hii na kituo kinaiweka tarehe nyingine, na bado hapo kuna daftari zinazoandika kwa tarehe ya kusoma na zingine zinairudisha tarehe ya jana, na ukikuta daftari mbili zimeingizwa kwenye faili moja bila mtu kusema ipi ni ipi, hapo ndo utakaa.

Kanda ya Ziwa ndo pabaya zaidi kwa hili. Ziwa Victoria mawingu yake ya radi yanapanda usiku, mvua inakolea usiku wa manane mpaka asubuhi, kwa hiyo ile saa tisa usiku inaikata mvua katikati, nusu inaenda jana nusu inabaki leo. Mtu anachukua faili la siku kama lilivyo, analinganisha na kituo cha Bukoba, anaona namba hazifanani kabisa, anaandika ripoti kwamba setilaiti haifai kwa ukanda ule. Kumbe amelinganisha siku mbili tofauti! Dawa yake ni kuachana na faili la siku, unachukua yale ya nusu saa 48 kuanzia 06 mpaka 06 unajumlisha mwenyewe. Inachosha na inakula bando na diski lakini ukishafanya hivyo unaanza kuona setilaiti inajua nini na haijui nini.

Na kuna vitu haijui kweli. Hizi bidhaa, yaani data za mvua zilizokadiriwa kutoka setilaiti, zenye historia ndefu tunazozitegemea sana Afrika, TAMSAT ya Chuo Kikuu cha Reading inayoanzia 1983 na CHIRPS ya wale wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, inayoanzia 1981, msingi wake ni joto la kilele cha wingu. Setilaiti inapima wingu limepanda hadi kuwa la baridi kiasi gani na limekaa hivyo kwa muda gani, basi mvua inakadiriwa kutoka hapo. Kwa wingu kubwa la radi la Tabora au Dodoma inafanya kazi vizuri. Ila pwani na kwenye miteremko ya milima upepo wa bahari unaweza kukunyeshea vizuri tu kutoka wingu fupi ambalo kilele chake hata hakijawa cha baridi, na setilaiti inakuambia hamna kitu. Halafu kinyume chake, yale mawingu membamba ya juu sana ni ya baridi sana na hayadondoshi hata tone. Ndio maana siwezi kumwelewa mtu anaesema vituo vya ardhini vimepitwa na wakati, vituo ndo vinaisahihisha setilaiti. Rwanda baada ya 1994 vituo vingi vilinyamaza kwa miaka mingi, na baadae ilibidi data za setilaiti na za vituo vichache ziunganishwe ndo pengo lizibike. Wale wapimaji wanaoamka kila siku kwenda kusoma kipimamvua nawaheshimu sana, sema hawatajwi popote.

Lakini kinachoninyima usingizi zaidi ni mwendelezo, yaani data za leo ziweze kulinganishwa na za zamani. Watu wanadhani setilaiti mpya ikirushwa sisi tunashangilia tu. Tunashangilia ndio, Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokuwa kinakuja upande wa Mafia tulikuwa tunakiona vizuri kwa sababu Ulaya wameiweka Meteosat-9, setilaiti yao ya hali ya hewa, juu ya Bahari ya Hindi, longitudo nyuzi 45.5 mashariki, tangu 2022, kabla yake ilikuwa Meteosat-8 kwenye 41.5. Bila hiyo tungekuwa tunakitazama kwa ubavuni kutoka ile ya nyuzi sifuri. Ila kila setilaiti ina macho yake. Meteosat za kizazi cha kwanza zilipiga picha kila dakika 30, cha pili kila dakika 15, na hiki cha tatu kilichorushwa Desemba 2022 ni kila dakika 10 na pikseli zake ni ndogo zaidi. Pikseli ikiwa ndogo inakiona kile kilele kidogo cha baridi ambacho zamani kilichanganywa na jirani zake wa joto, kwa hiyo ukiacha kizingiti chako cha baridi, yaani joto ambalo wingu likishuka chini yake unalihesabu ni la mvua, palepale, ghafla wingu la baridi linaongezeka na mvua kwenye mahesabu nayo inaongezeka, wakati angani hakijabadilika chochote.

Na hii inagusa hela ya mtu. Bima ya mifugo iliyoanza Marsabit 2010 inaangalia kijani cha malisho kutoka angani, na mfugaji analipwa kwa kulinganisha msimu huu na misimu iliyopita. Kifaa cha MODIS kinachopima kijani hicho kwenye setilaiti ya Terra kiko juu tangu Desemba 1999, kimezeeka, na kazi yake inahamia VIIRS, kifaa kipya zaidi kwenye setilaiti nyingine. Namba za kijani za hivi vifaa viwili hazilingani moja kwa moja, inabidi uzirekebishe kwa miaka ambayo vyote vilikuwa vinafanya kazi pamoja. Usipofanya hivyo, mfugaji ambae ng'ombe wake wamekufa anaweza kuambiwa malisho yalikuwa ya kawaida. Hela ya kujenga bidhaa mpya inapatikana, warsha zinafanyika, ila kumpata mfadhili wa kulipa mtu akae miaka kumi anarekebisha na kukagua bidhaa hiyohiyo ni shughuli, na mimi naona huko ndo hela ingeanzia.

Saivi CHIRPS yenyewe imetoa toleo la 3 na watu wanataka tuhamie haraka. Msimamo wangu ni matoleo yote mawili yatembee pamoja masika yote, kila dekadi, yaani kila siku kumi, tunatoa ramani ya tofauti, na wastani wa miaka 30 tunaukokotoa upya kutoka toleo jipya lenyewe, kwa sababu nimeshaona mtu anachukua mvua ya toleo jipya anailinganisha na wastani wa toleo la zamani halafu wilaya nzima inaonekana ina ukame. Pia pale data inapokosekana ibaki -9999, ile alama ya kwamba hamna data, isigeuzwe sifuri na skripti yoyote njiani, sifuri maana yake tumeangalia na haikunyesha. Kesho nina kikao na wanaotaka toleo la zamani lizimwe mwisho wa mwezi, naenda na ramani zangu za tofauti za Tanga na Bukoba.