Nyumbani haiwaki, kwa fundi inawaka

Wiki tatu nzima pikipiki yangu iligoma kuwaka alfajiri, na niliambiwa ni betri. Jirani alisema betri, vijana wa kijiweni walisema betri, na shemeji yangu aliyeko Uvinza, ambaye hajaiona pikipiki hii tangu niinunue, alipiga simu kunisisitizia ninunue betri. Haikuwa betri. Naandika jinsi nilivyoupata ugonjwa wenyewe kwa mikono yangu, usiku, kwa spana mbili na tochi ya simu, kwa sababu najivunia, na kwa sababu hasira ya zile pesa bado haijanitoka.

Kazi yangu ni samaki. Naishi Mwanga, Kigoma. Alfajiri nashuka Kibirizi wakati mitumbwi inaingia kutoka kuvua, nachukua dagaa wabichi na migebuka, nafunga tenga nyuma ya pikipiki, na jua likianza kupanda niwe nimeshafika Mwandiga. Dagaa wabichi wakichelewa matumbo yanapasuka, na akina mama wa Mwandiga wana macho. Wakiona tumbo limepasuka wanakata bei bila huruma. Pikipiki ikigoma saa kumi na moja alfajiri, siku hiyo nakula mtaji.

Ni pikipiki ya kawaida, cc 125, ina kiki na ina stata. Usiku inalala kwenye korido ya nyumba, kati ya ukuta na mapipa ya maji, usukani umekunjwa kushoto na loki imefungwa, maana ukiuacha umenyooka watoto hawapiti. Ugonjwa ulianza na mvua za kwanza. Nafungua loki, nawasha ufunguo, nabonyeza stata: injini inazunguka vizuri, lakini hata kukohoa haikohoi. Napiga kiki mpaka goti linauma, kimya. Vijana wakija wakaivuta nje na kuisukuma kwenye mteremko, inawaka hapo hapo kana kwamba haikuwa na tatizo lolote.

Hapo ndipo neno betri lilipozaliwa. Mimi nilikuwa nauliza: hiyo betri iliyokufa ndiyo inayozungusha stata kwa nguvu namna ile? Ndiyo inayoliza honi? Hakuna aliyenijibu. Na kiki je, kiki inahusiana nini na betri? Baadaye nilikuja kujua kwamba kwenye pikipiki nyingi za aina yangu moto wa plagi unatoka kwenye magneti, injini inapozungushwa, kwa hiyo hata ukiichomoa betri kabisa kiki inaweza kuiwasha. Kwa hiyo mtu akikuambia betri, mwambie kwanza abonyeze honi.

Nikaipeleka kwa fundi. Yeye aliipiga kiki moja, ikawaka. Akasema plagi imechoka, akaweka mpya, elfu sita hivi. Jioni nikarudi nayo inanguruma. Alfajiri, kimya. Nikarudi kwake: kiki moja, ikawaka tena, akasema kabureta, ile inayochanganya petroli na hewa, ni chafu. Akafungua, akasafisha, akabadilisha na jeti, kile kijitundu kinachopitisha petroli, nikatoa kama elfu kumi na tano. Alfajiri, kimya. Mara ya tatu akasema ni CDI, kile kiboksi kidogo cheusi kinachopanga muda wa moto. Hicho kilinipunguzia karibu elfu thelathini, na cha zamani akabaki nacho. Siku iliyofuata mvua ilikuwa inanyesha, nimesimama koridoni na matenga matupu, pikipiki imenuna vile vile.

Mara ya nne hakunigusia kifaa chochote. Aliipiga kiki mbele ya watu, ikawaka, akanigeukia akasema, “Mama, pikipiki haina shida. Labda hujui kuipiga kiki.” Watu wakacheka. Mimi naendesha pikipiki mwaka wa saba, nimepita barabara ya Kasulu kabla haijawekwa lami sehemu nyingine, nimevuka matope ambayo yeye hajayaona. Sikumjibu. Nililipa heshima yake ya kushika spana, elfu mbili, nikaondoka nayo, na njiani niliamua kwamba mkono wake hautaigusa tena mpaka niujue ugonjwa.

Wakati ule mwezi ulikuwa unakaribia kujaa. Dagaa wanavuliwa kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali hawakusanyiki vizuri kwenye taa, kwa hiyo wavuvi wengi wanapumzika siku kadhaa. Mimi nami napumzika. Nikawa na usiku wangu.

Injini ya petroli inadai vitu vitatu: mafuta yaliyochanganyika na hewa, mbano ndani ya silinda, na moto unaokuja kwa wakati wake. Mbano sikuuhangaikia, kwa sababu pikipiki inayopanda mlima na tenga limejaa haijamaliza ringi za pistoni. Nikaanza na mafuta. Chini ya bakuli la kabureta kuna skrubu ya kumwagia, nikailegeza, nikakinga petroli kwenye chupa ya plastiki inayoonyesha, nikaiweka mbali na jiko na kuiacha itulie wakati ninasonga ugali. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yakiwemo utayaona yamelala chini kama shanga. Hayakuwemo. Nikapuliza na tundu la kifuniko cha tangi, kwa sababu likiziba hewa haiingii na mafuta yanagoma kushuka. Lakini ugonjwa huo unakuja ukiwa umeshatembea, si alfajiri, nikalifanya tu ili niwe nimelimaliza. Kisha nikapiga kiki kama mara kumi na kuitoa plagi. Imelowa, inanukia petroli. Mafuta yalifika, hayakuchomwa. Yule fundi angeitoa plagi siku ya kwanza pale nyumbani kwangu, kabureta yangu isingefunguliwa.

Lakini kwangu hakuja hata siku moja, na hilo ndilo kosa lililonigharimu.

Sasa moto. Plagi ya zamani nilikuwa nimekataa kuiacha kwa fundi, nilikuwa nayo. Ile mpya nikairudisha mahali pake na kuikaza, ili tundu la silinda lisibaki wazi linapumua mvuke wa petroli karibu na cheche. Wapo wanaoacha tundu wazi na kupima hapo hapo. Usifanye hivyo, moto unaweza kuruka usoni. Ile ya zamani nikaichomeka kwenye kofia ya waya wa plagi, nikailaza juu ya injini, chuma chake kigusane na chuma. Umeme wa nyumba ulikuwa umekatika, kibatari nilishakizima, na bati la korido linaziba mbalamwezi. Giza namna hiyo ndilo unalolihitaji, cheche dhaifu mchana huioni.

Nikapiga kiki. Giza. Nikapiga tena. Giza. Nikahesabu kumi na mbili, hakuna hata nukta ya mwanga. Kwa hiyo CDI mpya, plagi mbili, na bado moto hakuna. Nilikaa pale juu ya siti nimeshika kichwa.

Binti yangu wa darasa la sita akaja na ndoo ya maji kichwani. “Mama nipishe.” Nikanyoosha usukani ili apite, na mguu wangu, kwa mazoea tu, ukakanyaga kiki.

Cheche! Ya bluu, kali, na mlio wake mdogo, tik. Binti aliiona pia, ndoo ikamwagika nusu. Nikapiga tena, cheche. Tena, cheche. Mikono ilikuwa inatetemeka. Nikamwambia ashike ndoo vizuri asiondoke, nikaukunja usukani kushoto kama unavyokaa siku zote. Giza. Katikati, cheche. Kulia mpaka mwisho, cheche. Kushoto, giza. Tulicheza mchezo ule labda robo saa, yeye akisema “kushoto” na “kulia” kama refa, na kila mara jibu lilikuwa moja.

Kila kitu kikajipanga. Kwa fundi pikipiki inasimama katikati ya uwanja, usukani umenyooka, inawaka. Vijana wakiisukuma mteremkoni usukani umenyooka, inawaka. Kwangu iko koridoni, usukani kushoto, haiwaki. Na zile mara ambazo nilikuwa nageuza uani, nakunja kabisa kushoto, ikazima ghafla, nikidhani nimeachia klachi vibaya! Ilikuwa inanieleza tangu mwanzo.

Asubuhi nikampigia mzee mmoja wa Kibirizi anayetengeneza mashine za boti.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba mama. Mbona mwezi haujapungua unanitafuta?”

Nikamweleza. Hakuniuliza nimebadilisha nini. Aliuliza, “Mashine ya boti inazimwaje ikiwa nahodha ameanguka majini?” Nikasema ile kamba nyekundu aliyojifunga inachomoka. “Basi. Ikichomoka, swichi inaunganisha waya wa kuzimia na bodi, moto unamwagikia kwenye chuma, plagi haipati kitu. Pikipiki yako nayo ina waya wa kuzimia, unapita shingoni, pale usukani unapozungukia, kwenda kwenye ufunguo. Nyingi wameuweka mweusi wenye mstari mweupe. Umechubuka, mama. Usukani ukikunja, unagusa chuma.”

Kwa hiyo kwenye pikipiki kama yangu ufunguo hauleti moto. Ufunguo ukiuzima ndipo unapounganisha waya ule na bodi na kuua moto, ukiuwasha unauachia. Waya ukichubuka na kugusa fremu, pikipiki inaamini umezima ufunguo, hata kama umeuwasha mbele ya mashahidi. Zipo nyingine ambazo CDI inalishwa na betri kupitia ufunguo, huko mambo ni kinyume na hila niliyoifanya mimi haitakusaidia. Mwulize mtu anayeijua aina yako kabla hujachomoa waya.

Hila yenyewe ni hii. Karibu na CDI nikautafuta ule mweusi wenye mstari mweupe, nikauchomoa kwenye soketi yake, nikafunga ncha yake kwa tepu isiguse popote. Usukani nikaukunja kushoto mpaka mwisho, pale pale koridoni kwenye aibu yangu ya wiki tatu. Kiki moja. Ikawaka. Nilipiga kelele jirani akatoka na taulo.

Hapo angalia jambo moja: waya huo ukiwa umechomolewa, ufunguo hauzimi injini tena. Mimi nilizungusha ufunguo, pikipiki inaendelea kunguruma. Nikatia gia ya kwanza, nikakaza breki, nikaachia klachi taratibu mpaka ikafa. Usitembee nayo hivyo barabarani.

Kisha tangi likatoka, na pale shingoni fungu la waya limepita juu ya kipande cha chuma chenye ukingo mkali. Tepu ya kiwandani ilikuwa imekwisha, na waya mweusi umekatwa ngozi upande mmoja, shaba inang'aa. Ukinyoosha usukani unajiondoa, ukikunja kushoto unakaa juu ya chuma kama umelala. Maji ya mvua na tope vilizidisha. Nikaisafisha shaba, nikaizungushia tepu ya umeme ya elfu moja na mia tano, juu yake nikavika kipande cha tyubu ya baiskeli nilichokipasua, na fungu zima nikalihamishia upande wa pili wa shingo. Usilikaze sana, liache na ulegevu wa kutosha usukani unapokwenda pande zote, la sivyo utalikata mwenyewe. Nikaurudisha waya kwenye soketi, nikajaribu kushoto, kulia, ufunguo kuwasha, ufunguo kuzima. Kila kitu kikatii.

Kazi yote, tepu tu. Tyubu ilikuwa ya bure.

Mwezi ulipopungua nilikwenda Kibirizi mapema kuliko wote, na nikirudi kutoka Mwandiga nikapita kwa fundi. Sikumwambia kitu. Nilisimamisha pikipiki, nikaukunja usukani kushoto, nikapiga kiki mara moja kwa mguu mmoja, ikawaka, tenga likiwa bado linadondosha maji ya dagaa. Nikamwomba CDI yangu ya zamani. Ilikuwa kwenye kopo pamoja na nyingine. Tuliifunga pale pale na pikipiki ikawaka nayo. Alikaa kimya kidogo, akauliza niligundua nini, nikamwonyesha shingo. Nusu ya pesa ya CDI alinirudishia, na ile mpya akaichukua.

Juzi nimepita pale, kuna kijana ameleta pikipiki isiyowaka. Fundi alikuwa hajashika spana bado. Alikuwa anamuuliza huwa anailaza wapi usiku.